Bei ya Tela Lililombeba Mzee Masanja

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, mnunuzi alitoka Handeni mpaka hapa Kwamndolwa, akalizunguka tela la baba mara moja tu, akavuta pua, akapanda baiskeli yake akaondoka bila hata kuonja maji tuliyomtengea. Nitakufikisha huko. Kaa hapo kwenye ngazi, Hamza, na hiyo simu iweke mfukoni. Watoto wa Mama Rehema wanataka jibu lako kabla ya adhuhuri, na mimi sitakuchelewesha.

Nilikuwa dirishani asubuhi walipokuja. Niliwasikia wakikuomba tela lako wakamchukue mama yao hospitali, wamlete nyumbani azikwe, maana gari la kukodi hawaliwezi. Nikakusikia na wewe: "Ngojeni kwanza niwaze." Halafu ukaja jikoni, ukaninong'oneza kama mwizi wa kuku, "Mama, kuna mteja anakuja keshokutwa. Akisikia limebeba maiti, hashiki." Sikukasirika. Naongopa, nilikasirika, hata vitunguu vikaungua. Lakini nikasema moyoni, huyu hajui, na asiyejua hatukanwi, anaambiwa.

Basi nikuambie.

Tela la baba yangu, yaani babu yako Mzee Mhina, lilikuwa jepesi kama hilo lako, ila la kwako linavutwa na pikipiki na la kwake lilivutwa na punda. Alilitengeneza yeye na fundi mmoja aliyepunguzwa kazi kwenye karakana ya shamba la mkonge. Magurudumu mawili ya gari dogo bovu, fremu ya mabomba, ubavuni mbao nyembamba, juu turubai. Ndani kulikuwa na kibao cha kulalia. Tukifika mnadani, sufuria na khanga zinatandikwa nje, jua likizama zinarudishwa ndani, baba analala kibaoni na mimi nalala juu ya marobota ya khanga. Usicheke. Hakuna godoro nililolipenda kama marobota yale. Nilikuwa mwali tayari, watu wakimsema baba kwamba anamzungusha binti kama mwanamume, na yeye akiwajibu kwamba binti anajua kuhesabu kuliko wao.

Ikaja miaka ya hali ngumu. Nyinyi mnasema vyuma vimekaza, mnasema na kucheka. Sisi hatukuwa na jina la kuchekesha. Mkonge uliporomoka bei, mashamba yakafunga milango, wakataji waliotoka mbali tangu enzi za baba zao wakaambiwa kazi hakuna. Mvua nayo ikatunyima msimu mzima. Na hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo wewe umelijua kwa simu yako: shida ikibana, si kweli kwamba watu hawanunui. Wananunua kile kitakachowatoa. Matela makubwa ya trekta yalikaa uani kwa wenyewe, kuku wakatagia mayai ndani yake, bei ikipunguzwa kila mnada na hakuna anayegeuza shingo. Dizeli ya kuyavuta angeitoa nani? Lakini tela jepesi likisikika linauzwa, watu wanatangulia alfajiri. Kila aliyepunguzwa kazi alikuwa na kiinua mgongo kidogo, na hakuona njia nyingine ila kuzunguka minadani. Alitaka kitu cha punda mmoja, kitu ambacho punda akifa atakivuta yeye na mkewe. Kwa hiyo tela kuukuu likawa linauzwa karibu sawa na jipya. Hapo sikubishii, mwanangu. Hesabu yako ni nzuri. Kizuri chajiuza.

Ila mnunuzi wa huku kwetu haanzi na magurudumu. Anaweka mkono ubavuni mwa tela, anamtazama mwenye mali usoni, anauliza, "Limebeba nini?" Ukisema chumvi, anafikiria kutu. Ukisema mkaa, anacheka. Ukisema maiti, anauondoa mkono. Watu waliamini biashara itakayopakiwa humo itakufa nayo. Usinitazame hivyo, na wewe mwenye simu ya kioo umeamini hivyohivyo leo asubuhi.

Sasa mwaka ule baba akavunjika mguu. Punda alishtuka kwenye mteremko, tela likamsukuma, mguu ukanasa. Mganga wa mifupa akamfunga, akamwambia asahau minada. Tukakaa na mama tukaona hakuna njia: tela liuzwe. Mvua zilikuwa zimeanza kunyesha, na ndani hatukuwa na mbegu wala chakula cha kutufikisha kwenye mavuno. Tela ndilo lililokuwa mbegu, ndilo lililokuwa ugali wa wadogo zangu. Mfanyabiashara wa Handeni akapata habari, akatuma salamu kwamba atakuja Jumamosi na pesa mkononi, na bei aliyoitaja ilimfanya mama acheke peke yake jikoni. Nilikuwa sijamsikia mama akicheka tangu baba aumie.

Jumatano, Mzee Masanja akafa.

Huyu alikuwa Mnyamwezi, mkataji mkonge wa zamani, mtu mrefu mwenye vidole vilivyojaa makovu ya miiba. Hakuwa na mtoto wala ndugu huku. Alikuwa na mkewe tu, na mkewe alishatangulia, kazikwa Kerenge walikokuwa na kashamba kao. Lakini alikuwa na sisi, maana Wazigua na Wanyamwezi ni watani. Loo, mwanangu, utani wenyewe siku hizi mnaufahamu kwa mpira tu! Mzee Masanja alikuwa akipita hapa anakamata kuku wetu mchana kweupe, anaondoka naye, na mama anabaki kumtukana kwa furaha. Baba naye akienda kwake anabeba jembe. Siku baba alipovunjika mguu, mzee yule alikuja akasimama mlangoni, akasema kwa sauti ya msiba, "Nimekuja kumzika Mzigua, mbona anapumua?" Baba alicheka mpaka akalia kwa maumivu.

Alifia hospitali mjini Korogwe. Neno lake la mwisho kwa waliomuuguza lilikuwa kwamba alazwe kando ya mkewe. Waliokuwa majirani zake kwenye kambi ya shamba wakaja kwa baba. Lori la shamba halikuwepo tena, la kukodi hawakulimudu, na njia ya Kerenge ilikuwa tope tupu. Wakaomba tela.

Mimi sikunyamaza. Nilipiga magoti mbele ya baba, nikamwambia, "Baba, Jumamosi si mbali. Wakopeshe kitu kingine. Wakitia maiti humo, watoto wako watakula nini?"

Baba akautazama mguu wake uliofungwa vijiti. Kisha akasema, "Kuku wangu aliwala. Nikimwacha mtani wangu hospitalini, wale kuku nimewauza, utani haupo." Akamwita mmoja wa wale majirani, akamwambia punda yuko nyuma ya nyumba.

Baba asingeweza kwenda, kwa hiyo alikwenda dada yake, shangazi Mwajuma, na mimi nikatumwa kumfuata. Shangazi Mwajuma ndiye mzee ninayetaka umjue leo. Mfupi, mweusi wa kung'aa, mdomo kama wembe, hana subira na mtu anayelialia. Tulitembea nyuma ya tela mimi nimenuna, yeye akimsema maiti njia nzima. "Masanja, mvivu wewe! Miaka yote umebeba mkonge, leo umebebwa. Raha, sivyo? Lala, lala, Wazigua wako ndio watakaotoka jasho." Waliokuwa mbele wanalia, waliokuwa nyuma wanacheka, na mimi nahesabu moyoni kila tope lililorukia zile mbao.

Karibu na Kerenge kuna kilima. Punda akafika katikati, akagoma. Akapigwa, akabembelezwa, akasimama tu anatikisa masikio. Basi wanawake, pamoja na wachache wa Kerenge waliotushukia, wakamfungua, wakafunga khanga zao kwenye mtaimbo wa kuvutia tela, wakavuta wenyewe. Tela likapanda. Nakwambia likapanda, limebeba jeneza na tope limefika kwenye ekseli. Watu wa Kerenge walikuwa wamejipanga juu ya kilima kutupokea, wanatazama. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, yaani huoni uzito wake. Siku ile niliona wanawake wameubeba uzito wa mtu asiye ndugu yao, na hakuna aliyelalamika ila mimi.

Tulipomaliza kuzika, katekista ameshaomba, watu wanataka kutawanyika, shangazi akapanda juu ya tela. Akapiga makofi. "Mnada, mnada! Tela la Mzee Mhina linauzwa! Limebeba Mnyamwezi mmoja tu, tena mzima, hajapungua kiungo!" Watu wakaangua kicheko pale pale makaburini. Mmoja akapaza sauti kwamba anatoa jogoo. "Jogoo yupi, yule anayekohoa? Toka hapa!" Mwingine akatoa kiatu kimoja. Shangazi akatukana wote. Kisha akakifungua kitambaa kilichofungwa kwenye ncha ya khanga yake, akatoa punje moja ya hindi, akaniita. "Wewe uliyenuna ndiwe baba yako hapa. Pokea bei." Akaniwekea punje kiganjani. "Nimelinunua mbele ya wote. Mkosi wake ni wangu sasa. Na mkosi huo ukinijia utanikuta Mzigua, utarudi ulikotoka." Akachota maji yaliyokorogwa unga, akalinyunyizia tela kuanzia kwenye turubai mpaka magurudumuni, akaliosha kabisa, akashuka. Hiyo ndiyo kazi ya mtani msibani, mwanangu. Anachekesha ili jambo zito lipate pa kuwekwa, na kinachoogopwa na wengine anakishika yeye.

Mimi niliona mchezo tu. Punje nikaifunga kwenye khanga yangu, nikarudi nyumbani nimenuna vilevile.

Ndipo ikaja ile Jumamosi. Mtu wa Handeni alikuwa ameshasikia njiani, maana habari ya msiba haihitaji punda. Alipouliza, "Limebeba nini?" baba alikuwa amekaa kwenye kiti na mguu wake kaunyoosha, na wala hakumung'unya maneno. "Limebeba sufuria, khanga, binti yangu, na Mzee Masanja." Yule bwana akavuta pua. Nilishakwambia alivyoondoka.

Mama aliingia ndani. Nikamsikia anafuta machozi na pua kwa pamoja, sauti ile mtoto hapendi kuisikia kwa mama yake. Mdogo wangu akauliza kama tutapika. Hapo nikapandwa na hasira. Nikamgeukia baba, nikasema neno ambalo mpaka leo nikilikumbuka nakuna kichwa: "Masanja umemzika vizuri. Sasa sisi atatuzika nani?"

Shangazi Mwajuma alikuwa barazani anachambua majani ya kunde. Hakunyanyuka. Aliniita kwa jina langu lote, na ukiitwa hivyo na Mzigua, jua mvua iko karibu.

"Njoo hapa. Keti. Lile tela ulikuwa unalitunzia nani?"

"Mnunuzi, shangazi."

"Mnunuzi gani? Yule anayelitaka mradi halijamsaidia mtu? Sikiliza, wewe mwali. Umelala humo, umekula humo, hujui ni la nini. Unadhani bei ya kitu iko kwenye usafi wa mbao. Bei iko kwa watu waliokiona kikifanya kazi. Wewe ulikuwa unatazama tope. Kerenge nzima ilikuwa inatazama tela." Akasukuma ungo wa kunde kuelekea kwangu. "Chambua. Na ukimaliza ukamwamkie baba yako upya, shikamoo ya leo asubuhi imeharibika."

Nikachambua kunde, machozi yanadondokea ungoni. Nikaenda kwa baba, nikapiga goti, nikasema, "Shikamoo, baba." Akaitikia, "Marahaba, mama," kama vile hakuna kilichotokea. Alikuwa na moyo ule.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya, sitazipaka sukari. Tulikula uji wa makopa ya muhogo, mwembamba mpaka unaona chini ya bakuli. Nilianza kufikiri shangazi ana maneno mazuri yasiyopikika.

Kisha wakaja watu wa Kerenge. Ndugu watatu, wote waliopunguzwa kazi shambani, pamoja na mama yao, mmoja wa wale waliofunga khanga zao kwenye mtaimbo. Hawakuuliza limebeba nini. Yule mama aliligonga tela ubavuni kwa kiganja, akawaambia wanawe, "Hili nimelivuta mwenyewe, limejaa, kilimani. Mnataka kujua nini tena?"

Sitakudanganya, bei yao ilikuwa pungufu kuliko ya mtu wa Handeni. Pesa walikuwa nayo kidogo, iliyobaki wakaijaza kwa mahindi, mbegu za kunde na mbuzi jike. Shangazi akatokea, akawazuia. "Mnanunua kwa nani? Tela langu hili, nina mashahidi." Wakacheka, maana walikuwepo makaburini. Ikabidi nimrudishie punje yake ya hindi, nayo akaitupa kwa kuku, ndipo akaruhusu biashara. Mama akacheka tena jikoni.

Na mvua ilipokolea, baba akiwa bado hawezi kushika jembe, wale ndugu watatu walikuja na majembe yao bila kuitwa, wakatulimia shamba la huku chini mpaka likaisha. Hilo halikuwa kwenye mapatano. Hilo lisingetoka Handeni.

Lakini sikiliza na hili, Hamza, maana bado unaitazama mifuko yako. Lile tela lilizunguka. Wale ndugu walipata mtaji, wakaliuza kwa mtu mwingine wa hukohuko Kerenge, naye akaja kumuuzia mwingine. Kila mara liliuzwa kwa bei ya kueleweka, kila hali ilipokuwa ngumu lilipata mtu haraka, na kila mwenye kuliuza alisema kwa majivuno, "Hili ndilo lililompandisha Mzee Masanja." Kile tulichodhani ni aibu yake kikawa ndiyo sifa yake. Lilibeba wagonjwa, lilibeba wajawazito, lilibeba maiti wengine, na katikati ya hayo lilibeba nyanya na mitumba, na biashara ya mtu haikufa.

Wewe ulikuwa bado hujazaliwa siku baba yangu alipofariki. Alifia mjini, hospitali ileile. Tulikuwa tumekaa hapa hapa tumeduwaa, hatujui tumfikisheje nyumbani, hatujamwomba mtu yeyote. Tukasikia magurudumu. Lilikuwa tela la baba. Turubai jipya, ubavu mmoja umebadilishwa mbao, lakini fremu ile ile ya mabomba. Limetoka Kerenge, kabla ya kupambazuka, na aliyekuja nalo hatukumfahamu hata jina. Akasema, "Tumesikia Mzee Mhina amesafiri. Tumemletea chake." Nililia siku ile kuliko nilivyolia kwa kifo chenyewe. Shangazi Mwajuma alikuwa kikongwe sasa, haoni vizuri, akalipapasa tela kwa mkono, akaniuliza, "Haya, wewe mwali. Limebeba nini?" Nikamshika mkono, tukalifuata.

Basi mwanangu, ushauri wangu sio mrefu. Mteja wako akija keshokutwa, mwambie kila kitu: lilipounganishwa, tairi lililozibwa, na kwamba lilimbeba Mama Rehema. Akiondoka, aondoke. Mwaka wa shida unajaa watu wanaotafuta kitu chepesi cha kuvuta, utapata mwingine. Usipunguze thamani ya kitu kwa kukificha kisisaidie. Kilichowafaa watu kina wasemaji, na mali yenye wasemaji haikosi mnunuzi. Na hata ukikosa kabisa, ukabaki nalo, bora ubaki na tela na majirani kuliko ubaki na pesa na mlango usiogongwa. Tena Mama Rehema ndiye aliyekukata kitovu. Hukuuliza yeye ametoka kushika nini.

Naona umesimama. Vizuri. Turubai lifute vumbi, utandike ule mkeka wangu mpya, sio wa zamani. Kwenye kona ya hospitali nenda taratibu. Na mimi namfuata Mama Rehema, mama yake alikuwa Mnyamwezi, nina haki ya kupanda juu ya hilo tela na kupiga mnada, punje ya hindi ninayo tayari.

Mungu akufungulie njia kama unavyowafungulia wenzio. Akupe riziki isiyokuona haya, na majirani wanaofika kabla hujawaita. Na siku yangu mimi, mwanangu, nikiwa nimelala kimya na mdomo huu umepumzika, nisilazimike kusubiri mtu awaze. Nenda. Washa pikipiki.